Jumatatu za Bwana Ngoja

Jumamosi, 2 Machi 1912

Daftari hili nimepewa na Padri leo asubuhi, na amenionya nisilijaze upuuzi. Kwa hiyo ninaanza kwa mwandiko mzuri kuliko yote niliyonayo: mimi ni Andrea, mwana wa Bernadeta, wa Towelo, katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Basi, Padri ameshatimiziwa. Kuanzia mstari unaofuata ni upuuzi.

Habari yenyewe ni hii. Nimemaliza masomo ya misheni. Miaka minane nimelala bwenini, na sasa najua kusoma, kuandika, hesabu, na Kijerumani cha kutosha kuomba chumvi mezani. Padri anataka niende Ugogo kufundisha, miaka mitatu bila kurudi. Sitaki. Mama yuko peke yake na mashamba yake ya mteremkoni, halafu yuko Magdalena. Nikamwambia Padri kwamba kampuni ya ulanga kule mjini inatafuta karani. Ulanga ni yale mawe ya huku kwetu yanayochanika karatasi karatasi na kung'aa. Wajerumani wanayapakia masandukuni na kuyapeleka kwao, na anatakiwa mtu wa kuyapima na kuyaandika.

Padri alifikiri kidogo. "Haya," akasema. "Nakupa mpaka Pentekoste. Ukipata kazi hiyo, baki. Usipoipata, Ugogo." Akaniandikia na barua ya kunisifu, nzuri mpaka nimeona haya kuisoma mara ya tatu.

Nilipompa Magdalena habari hizo hakulia wala hakunibembeleza. Aliendelea kumenya njegere zake. "Miaka mitatu?" akasema. "Andrea, sitakudanganya. Mimi nasubiri masika haya, zaidi ya hapo sijui." Nampenda kwa sababu hadanganyi, ila leo ningependa adanganye kidogo.

Jumatatu, 4 Machi

Nimesailiwa. Ninaliandika neno hili huku nikicheka, maana sina hakika kama ndilo.

Niliteremka alfajiri kwa nguo ya shamba, kanzu yangu nyeupe nimeifunga kwenye jani la mgomba isipate tope. Nikavuka Mto Morogoro mara mbili, nikanawa miguu kwenye kijito cha mwisho, nikavaa. Nilifika ofisini nikiwa safi kuliko ofisi.

Wasaili walikuwa watatu, wote barazani. Wa kwanza ni meneja Mjerumani. Ana jina lake, refu, lakini mji mzima unamwita Bwana Ngoja, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote. Alikuwa kitini, shuka shingoni, povu mpaka masikioni, ananyolewa na Ahmadi kinyozi, ambaye huja kila Jumatatu. Wa pili ni Salum, karani mkuu, mtu wa pwani, kanzu imepigwa pasi. Alikuwa anakula maandazi juu ya daftari la masanduku. Wa tatu ni Stambuli, mnyapara mkuu, aliyewahi kuwa askari. Huyu ni mtu wa huku huku milimani, mnene, kipenga kinaning'inia kifuani. Alikuwa ameinamisha kichwa anajitekenya sikio kwa unyoya wa kuku, jicho moja amelifumba kwa utamu.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," Stambuli akaujibu unyoya.

"Nimekuja kwa ile kazi ya ukarani. Nina barua ya Padri."

"Ngoja," ikatoka sauti ndani ya povu.

Nikangoja. Kioo cha Ahmadi hakikuwa na pa kuning'inia, maana msumari wa nguzoni umeng'oka. "Mwanangu, hebu nishikie," akasema. Nikakipokea, nikakiinua mbele ya Bwana. Basi usaili wangu wote nimesailiwa nikiwa nyuma ya kioo. Bwana alikuwa akijitazama mwenyewe, na nadhani aliridhika na alichokiona.

Salum alipokea barua ya Padri, akajifutia kwayo mafuta ya maandazi vidoleni, akaniuliza maswali. Ninayaandika kama yalivyo, mtu asije akasema nimeyatunga. La kwanza: "Unaogopa mbwa?" La pili: "Chai unakunywa na vijiko vingapi vya sukari?" La tatu: "Ukiota, unaota kwa Kiswahili au kwa Kiluguru?" Kabla sijajibu la tatu akaniambia niimbe. Nikaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, kioo mkononi. Ahmadi peke yake ndiye aliyesikiliza.

Kisha Stambuli akauliza: "Mama yako wa ukoo gani?"

Hilo lilinikera kuliko ya Salum. Ukoo wa mama yangu na kupima masanduku, wapi na wapi? Lakini nilimtajia. Palepale akauchomoa unyoya, jicho likafumbuka, uso ukamkunjuka kama mtu aliyeandaliwa wali.

"Kumbe ndio ninyi!" akasema kwa sauti ya gwaride. "Ndiyo maana nilisikia harufu ya moshi kabla hujafika. Hebu itazameni miguu hiyo, kama kima aliyeazima viatu! Na hicho juu ya shingo ni kichwa, au ni gimbi lililosahaulika shambani?"

Akanyamaza, akanitazama, nyusi juu, akingoja.

Masikio yaliniwaka. Lakini misheni tumefundishwa kwamba mkubwa akikukaripia, unainamisha kichwa. "Ndiyo, bwana," nikasema.

"Ndiyo, bwana?"

"Ndiyo, bwana."

Uso ukamnywea. Akaurudisha unyoya sikioni. "Rudi Jumatatu," akasema.

Jumanne, 5 Machi

Miguu inauma. Magdalena amenitazama akasema si ya kima hata kidogo, ila imepinda.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Ngoja amepanda treni kwenda Mikese, kwa hiyo Ahmadi amemnyoa Salum. Salum akasema atanipima mwandiko. Akaniandikisha barua kwa mama mkwe wake aliyeko Bagamoyo, kurasa tatu. Nimemwombea msamaha mtu nisiyemjua kwa kosa nisilolijua, na nimeomba vizuri, maana Salum alipoisoma machozi yalimlengalenga. "Una mkono," akasema. Nikauliza habari ya kazi. Akasema nirudi Jumatatu, na nifikirie namna ya kumwandikia shemeji yake pia.

Jumanne, 12 Machi

Mvua kutwa.

Jumatatu, 18 Machi

Salum ameniuliza jina langu. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwandikia mama mkwe. "Aa, wewe," akasema, kisha akaniuliza tena kama naogopa mbwa. Mbwa mwenyewe, wa Bwana Ngoja, alikuwa amelala juu ya miguu yangu.

Nimeshika kioo tena. Ninakijua sasa, kina ufa kwenye pembe ya chini, ukikilaza kidogo Bwana anapata mashavu mawili. Stambuli naye alinijia na mapya: "Hivi mama yako alikuzaa, au alikwenda kukata ndizi akakukuta kwenye mkungu?" Mkono ukanitetemeka mpaka Bwana akapiga kelele, "Ngoja!" Nikasema ndiyo, bwana. Stambuli akatikisa kichwa, akaenda kuwapulizia watu kipenga cha kazi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nilipokuwa naondoka niliiona barua ya Padri. Imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza ya mizani, isiyumbe. Nikainama nihakikishe. Ndiyo yenyewe, neno "mwaminifu" linasomeka kwa nje.

Sikuwaambia nyumbani. Nimewaambia kwamba barua imepewa kazi.

Jumatatu, 25 Machi

Mto umejaa, hakuna kuvuka. Nimekaa juu ya jabali na kanzu yangu kwenye jani, naitazama stesheni kwa mbali mpaka nikalowa.

Jumatatu, 1 Aprili

Bwana Ngoja amelala katikati ya kunyolewa, shavu moja tayari, moja bado. Hakuna aliyethubutu kusema. Tumekaa kimya, Salum, Stambuli, Ahmadi, mbwa na mimi na kioo, mpaka kipenga cha mchana. Ahmadi ameninong'oneza kwamba nina mkono uliotulia na nikitaka atanifundisha kunyoa. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyopewa tangu nianze kutafuta.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Tumekula kuku. Magdalena ameuliza kioo hakijambo?

Jumatatu, 15 Aprili

Leo sicheki.

Mama alinifungia magimbi ya kuchemsha na ndizi tatu mbivu, kwa kuwa Jumatatu zote nashinda na njaa. Niliuweka mfuko barazani, nikashika kioo. Stambuli akaja, akaufungua mfuko mbele ya macho yangu, akakaa kwenye kiti chake, akala. Alikula taratibu, ananitazama. Kila ndizi aliyoimenya alinyamaza kwanza, kama anayenipa nafasi. Alipofika ya tatu akasema, "Hata hili husemi?"

Nusura nilie. Nilisema, "Karibu, bwana."

Akaitupa ile ndizi mfukoni bila kuimaliza. "Hapa hapakai mtu," akamwambia Salum. "Nimegonga wee, hapakai mtu." Salum akajibu kwamba mtu mwenyewe ana mwandiko mzuri lakini. Bwana akasema ngoja. Nikamrudishia Ahmadi kioo chake na kuondoka bila kuaga.

Nimewaza njia nzima. Salum ni mvivu tu, hana ubaya. Bwana Ngoja hajui hata kama nipo. Lakini Stambuli ni mtu mbaya, mtu wa milima hii hii, anayemwonea kijana wa kwao na kula chakula cha mama wa mtu. Sirudi tena pale. Bora Ugogo.

Jumanne, 16 Aprili

Sirudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikwenda. Nimemsaidia Mama kupalilia. Nimeng'oa nusu ya mstari wa maharage yake nikidhani ni magugu. Amenichukulia jembe mkononi bila neno, akaniambia nenda kaandike.

Jumapili, 5 Mei

Baada ya misa Padri ameniita ofisini. Juu ya meza palikuwa na ramani ya njia ya Ugogo, barua kwa wenzake wa huko, na viatu vipya vya ngozi. Akasema hataki kuniharakisha, Pentekoste bado wiki tatu, ila viatu vipya ni vizuri kuvizoea mapema. Nikajifanya navifurahia. Vinabana.

Mvua zinapungua. Zamani nilikuwa naomba zipungue. Sasa kila ninapoona anga jeupe moyo unaniuma, kwa kuwa Magdalena alisema masika haya tu. Nilimkuta mtoni, akavitazama viatu, hakutania. Afadhali angetania.

Jumanne, 14 Mei

Bibi Chausiku amefariki jana, mkubwa wa ukoo wetu, mzee mpaka hakuna aliyejua miaka yake. Leo tumemzika. Nimeona mambo ambayo lazima niyaandike yote, hata nikimaliza wino.

Mimi niliingia bwenini nikiwa mdogo. Misiba ya ukoo nilikuwa naisikia kwa mbali, na misheni tulizikana kimya na maji ya baraka. Leo tulikuwa tumekaa uani, mvua ya manyunyu, wanawake wanalia, kaburi limeshachimbwa nyuma ya nyumba. Mara pakatokea kelele kwenye njia ya chini.

"Nani amemuua bibi huyu? Ninyi! Wachoyo wakubwa! Mmemnyima ugali miaka mia, mwisho ameona heri ahame!"

Nikasimama, nimekunja ngumi. Kundi la watu likaingia uani bila hodi, na mbele yao, amejipaka majivu usoni, kaptura ya kiaskari imepanda mpaka kifuani, ni Stambuli. Stambuli wa ofisini! Akapita katikati ya waombolezaji, akakwapua jogoo chini ya uchaga, akampa mwenzake amshike, akaenda moja kwa moja mpaka kaburini, akashuka, akalala chali humo ndani.

"Nimepapenda," akasema kutoka chini. "Sitoki. Mtafutieni bibi yenu pengine."

Nikamtazama Mama. Mama yangu ambaye kanisani husali bila kutikisa midomo, ambaye sijamsikia akipaza sauti hata kwa mbuzi. Mama alifuta machozi, akasogea ukingoni, akashika kiuno.

"Wewe Stambuli, toka humo! Kaburi tumelipima kwa mtu, hatukupima kwa pipa!"

Uwanja mzima ukacheka. Waliokuwa wanalia walicheka na machozi yao. Stambuli akacheka kuliko wote, tumbo likiruka ndani ya kaburi, akalipiwa jogoo wa pili, akatoka. Kisha yeye na wenzake, wale wale waliotutukana, wakambeba Bibi Chausiku kwa mikono ya adabu sana, wakamlaza, wakamfukia, hawakumwachia mtu wa ukoo wetu hata jembe moja. Walipomaliza Stambuli alikuwa analia kweli.

Nilimvuta Mama pembeni.

"Mama, yule ni nani?"

"Humjui? Yule ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu tunazikana tangu zamani za mababu."

"Ndiye mnyapara wa pale ofisini. Ananitukana tangu Machi!"

"Wewe ulimjibu nini?"

"Ndiyo, bwana."

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika, nikadhani analia, kumbe sivyo. "Ndiyo, bwana," akasema. "Mwanangu! Miezi yote hiyo mtani wako anakubishia hodi, wewe umemkomelea mlango? Ameniuliza sasa hivi kama kijana wangu ni mgonjwa. Sikumwelewa."

"Alikula ndizi zako, Mama. Mbele yangu."

"Ni haki yake. Na wewe ungechukua chake. Cha mtani ukikichukua hakidaiwi kwa nguvu wala kwa mashtaka, mpaka mwenyewe akikomboe. Hayo misheni hawafundishi?"

Hawafundishi. Nimekaa kwenye jiwe, nimejionea aibu kwa yote niliyomwandika humu kurasa zilizopita. Yule mtu aliniuliza ukoo wa mama yangu, akafurahi kama ndugu, akanifungulia mlango siku ya kwanza kabisa. Swali lake nililoliona la kijinga lilikuwa ndilo swali pekee la maana nililoulizwa barazani pale.

Halafu nikaanza kufikiri, ni kitu gani cha Stambuli ambacho ofisi nzima haiwezi kuendelea bila hicho.

Jumamosi, 18 Mei

Nimefanya mazoezi ya matusi na Magdalena. Ana kipaji cha kutisha.

Jumatatu, 20 Mei

Jumatatu ya mwisho kabla ya Pentekoste. Ninaandika kwa furaha.

Sikuvaa kanzu. Nilifika na nguo ya shamba na tope mpaka magotini. Wote walikuwa mahali pao: Bwana Ngoja na povu, Salum na maandazi, Stambuli na unyoya, kipenga amekivua shingoni kama anavyofanya akitaka kustarehe na kukiweka juu ya meza ya mizani.

"Mwanangu, umerudi!" akasema Ahmadi, akininyooshea kioo.

"Shikamoo, mzee Ahmadi. Leo sishiki," nikasema. Nikamgeukia Stambuli.

"Wewe pipa la boma," nikasema, "nani amekuambia sikio hilo lina kitu ndani? Tangu Machi unachokonoa na hujakuta akili hata punje. Ulipokuwa askari maadui walikuwa hawakimbii kwa bunduki yako, walikimbia wakidhani mlima unaporomoka!"

Andazi la Salum likaanguka. Unyoya ulisimama sikioni. Kisha Stambuli akainuka taratibu, macho yamemjaa maji.

"Kumbe unao mdomo!" akanguruma. "Kumbe kima anasema! Nilidhani mapadri wamekushona!"

"Ninao, tena ninayo na mikono." Nikakichukua kipenga mezani, nikakivaa shingoni, nikakaa chini nikaegemea nguzo.

Stambuli alipiga makofi kama mtoto. Salum akaja juu: "We kijana, rudisha kipenga cha kampuni!"

"Usimguse," Stambuli akasema. "Huyo mtani wangu. Amenishika kihalali."

Basi kazi ikasimama. Saa ya kuwaita wapakizi ikafika, ikapita. Wachimbaji walioleta masanduku walikaa kivulini wakicheka, habari imeshawafikia. Treni ya mizigo ilipiga honi stesheni. Hapo Bwana Ngoja akafumbua macho, akajifuta povu mwenyewe, akasimama na shuka yake shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama. Ni mfupi.

"Kwa nini watu kaa? Kipenga wapi?"

"Nimenyang'anywa na mtani wangu, Bwana," akasema Stambuli, amejikaza kiaskari. "Kwa mila zetu siwezi kukichukua kwa nguvu."

"Huyu? Huyu si mtu wa kinyozi?"

Nikaelewa yote. Jumatatu zote hizo, kwa Bwana Ngoja, mimi nilikuwa msaidizi wa Ahmadi.

"Hapana, Bwana," nikasema, nikasimama. "Mimi ni Andrea wa Towelo. Nimeomba kazi ya ukarani tangu mwezi wa tatu."

"Salum nasema hapana mtu nakuja!"

"Bwana, huyu nilikuwa namtayarisha," akasema Salum, na nadhani aliamini.

"Nataka nini upate kurudisha kipenga?"

"Nataka kuulizwa, Bwana. Maswali ya kazi. Nikishindwa nitakirudisha na kwenda zangu Ugogo."

Bwana Ngoja alinitazama, kichwa mpaka tope. Kisha akafanya jambo ambalo watatu hao hawakuwa wamelifanya masika mazima: akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniangalia usoni.

Akaniagiza nipime sanduku la kwanza. Nikapima, nikatoa uzito wa sanduku tupu, nikaandika. La pili, la tatu, mpaka la saba, halafu jumla. La nne lilikuwa limelowa chini, nikamwambia Bwana kwamba hapo anapima ulanga na mvua pamoja, afadhali lianikwe kwanza. Akainama, akagusa, akaguna. Akatazama mwandiko wangu kwa muda mrefu.

"Una barua ya misheni?"

"Ninayo, Bwana. Iko chini ya mguu wa meza hiyo."

Salum akatazama milima. Bwana akainama mwenyewe, akaichomoa, meza ikayumba, akaikunjua na kuisoma pamoja na alama ya mguu wa meza katikati.

"Ngoja," akasema, akaingia ndani.

Huko nyuma ngoja yake ilikuwa mpaka Jumatatu nyingine. Leo haikumaliza pumzi kumi. Alirudi na daftari jipya la masanduku, la jalada jeusi, akaniwekea mikononi. "Kesho. Saa kumi na mbili," akasema. Kisha akarudi kitini kumalizia shavu.

Nilimpa Stambuli kipenga chake kwa mkopo, jogoo wa kukikombolea atafuata. "Lakini kwa nini hukumwambia Bwana habari zangu?" nikamuuliza. "Ungenisaidia tangu Machi."

"Wachimbaji mia mbili wangekutafuna, mjukuu wa kima," akasema. "Mtu asiyeweza kunijibu mimi, awajibu wao? Nilikuwa nakusaili. Peke yangu hapo nilikuwa nakusaili."

Nimepanda mlima mbio, na daftari nimelifunga kwenye jani la mgomba.

Jumapili, 26 Mei

Pentekoste. Padri ametangaza kanisani kwamba anayekwenda Ugogo ni Paulo, ambaye miguu yake ni midogo na viatu vimemkaa vizuri. Kila mtu ana furaha, hata viatu.

Mchana Stambuli alipanda na jogoo wake, akitukana tangu bondeni; tulimsikia nusu saa kabla hajafika. Mama alimjibu kutoka mlangoni bila kuacha kusonga ugali. Alikula sahani tatu, akamtazama Magdalena, akaniuliza binti mzuri kama huyu ameona nini kwa gimbi. Kabla sijafungua mdomo Magdalena akamjibu mwenyewe. Sitaandika alichosema, Padri anaweza kuomba kulisoma daftari hili. Stambuli alikaa chini.

Baadaye nilimsindikiza Magdalena mpaka kwao. Nikamwambia masika yamekwisha. "Nimeona," akasema. "Na mimi bado nipo."

Jumatatu, 10 Juni

Jua kali, njia imekauka. Kampuni inatafuta karani wa pili, na leo saa nne amekuja kijana kutoka upande wa Mlali. Jina lake Yohana. Nilimwona kwa mbali akivaa kanzu nyuma ya mti, na jani la mgomba ameliweka chini ya jiwe, lisipeperuke, kwa safari ya kurudi.

Akapanda barazani, akatuamkia. Bwana Ngoja alikuwa na povu. Salum alikuwa ananyoosha mkono kuipokea barua ya kijana, mkono mwingine una andazi. Stambuli amefumba jicho. Msumari wa nguzoni mpaka leo haujapigiliwa.

"Mwanangu," Ahmadi akamwambia yule kijana, "hebu nishikie kioo."

Nikainuka mezani kwangu. Barua nikaiwahi kabla ya Salum, nikaiweka mbele ya Bwana, kiti changu nikampa Yohana akae, na kioo nikakishika mwenyewe.